Makopo ya Shangazi Thureya

Makopo saba juu ya friji, Kibokoni,
yamepangwa kwa kimo kama watoto wa chuoni.
Kila moja lina mwandiko wa Twalib, wino mweusi:
Hii asubuhi. Hii na chakula. Hii usisahau, Mama.
Kizungu cha lebo shangazi hakijui.
Anaujua mkono wa mwanawe.

Ijumaa nikitoka zamu ya maabara, Makadara,
hupita kumhesabia.
Mwezi wa Rajabu niliona viganja:
manjano, kama aliyeshinda akitwanga bizari.
Nikamvuta kope. Jicho jeupe, safi.
Basi si ini.
Ni karoti za kopo la tatu,
zimemjaa hadi zimetokea ngozini.

Kisha damu ya pua, mara tatu, kwenye foronya.
Tangu ule mshtuko wa moyo ana kidonge chake cha hospitali
cha kuifanya damu isigande.
Kopo la kwanza, vitamini E, kazi yake ni hiyo hiyo.
Walainishaji wawili, damu ya mtu mmoja,
na hakuna aliyewajulisha.

Mimi mwenyewe nilikitazama kipimo chake, kwa darubini,
nikijifanya ni cha mtu baki.
Chembe nyekundu chache, zimepauka.
Zinki na shaba hupita mlango mmoja;
zinki ikija kwa vishindo kila siku,
shaba hubaki barazani,
na damu bila shaba haikamiliki.

"Si ni antioksidanti?" akaniuliza,
neno lote, bila kujikwaa,
kama jina la mkwe.
"Si ndizo zizuiazo uzee?"

Nikavuta kibao cha mbuzi, nikakaa.
Shangazi, mwilini mna cheche,
hata kupumua kwatoa cheche.
E huirukia cheche, akaizima kwa kifua chake,
kisha yeye ndiye abakiaye ameungua.
C humpa mkono, akainuka.
C naye ana wa kumwinua,
na huyo ana wake, na seleni imo humo, haionekani.
Sasa wewe umemleta E peke yake, jeshi zima,
wa kuwainua hakuna.
Majeruhi tele ndani ya nyumba,
na majeruhi nao huchoma.

Akanyamaza. Akachezea kifuniko,
kile cha kubonyeza ndipo kifunguke.
"Kumbe hata dawa
yataka mwenye kuitazama."

Jumatatu tuliyabeba kwa kikapu hadi kwa daktari.
Aliyasoma yote, miwani puani,
akabakisha moja, na hilo siku moja kwa nyingine.
Kile cha moyo akasema kisiguswe.
Makopo sita shangazi hakukubali yatupwe.
Alimwaga vidonge, akayaosha,
akayarudisha juu ya friji,
maandishi yakitazama mbele.

Siku hizi nanunua Kongowea:
mchicha, kunde, maini robo, korosho za kupima kwa kikombe.
Mchicha nautia tui zito,
maana rangi ile ya majani haisafiri kwa maji,
yataka mafuta ya kuibeba.
Shangazi asema hayo aliyajua kabla sijazaliwa,
ila hakuwa na wa kumpikia.
Chungu cha mtu mmoja, asema,
huungua au hubaki.

Jumapili usiku Twalib akapiga kutoka Kanada.
"Mama, umemeza?"
Shangazi akanitazama. Tonge lilikuwa shavuni.
"Namezapo," akasema, na hakusema uongo.
Kisha akaisogeza simu karibu na mdomo,
kama amwambiaye mtu siri ya harusi:
"Na wewe huko, baba, wala na nani?"

Kimya.
Nikalisikia friji likinguruma,
na makopo juu yake yakitetemeka kidogo,
matupu, yakigongana.